Fuateni Penye Sahihi

Mzigo ulifika Jumanne asubuhi, katoni themanini, kila katoni ikiwa na maboksi mia tano yaliyolazwa bapa na kubanwa kwa mpira. Nilizihesabu mara mbili kama nilivyofundishwa, mara ya kwanza zikiwa bado garini na mara ya pili zikiwa stoo, kwa sababu ukishatia sahihi na dereva akageuza gari huna tena wa kumuuliza. Zilitimia. Hakuna iliyolowa, hakuna iliyobonyea kona. Nikashusha pumzi. Pale nyumbani hakuna aliyeusubiri mzigo ule kuliko mimi, na sababu yangu ilikuwa mikono.

Kwa miaka minane nilikuwa nafunga sabuni kwa shangazi yangu, miwili ya kwanza kwa karatasi, sita iliyofuata kwa maboksi. Nilianza wiki moja baada ya kumaliza darasa la saba. Unafungua boksi, unapiga kitako, unatia sabuni, unachomeka ulimi, unaweka pembeni. Ulimi ni kile kipande cha juu kinachoingia ndani ukishatia sabuni, ndicho kinachofunga boksi. Ukifanya hivyo mara elfu kwa siku, jioni kufungua kifuniko cha chupa ni kazi ya kumwita jirani. Shangazi aliliona hilo bila mimi kusema. Akaniambia, "Mzigo mpya ukifika salama, mama, nakutoa kwenye kukunja. Utakaa pale unakagua. Una macho wewe, kuliko hata huyu mwanangu."

Pale palikuwa na kiti chenye mgongo, upande wa pili wa meza. Mkaguzi angekaa pale na mizani na rula, akipokea kizuri na kukataa kibaya. Mzee, marehemu mume wa shangazi, ndiye aliyekikalia enzi zake. Tangu afariki kilikuwa kinakaliwa na yeyote aliyechoka, yaani kila mtu.

Basi nilikata utepe wa katoni ya kwanza, nikachomoa boksi moja nikalikunja. Mikono ilifurahi kabla ya macho. Karatasi ilikuwa ngumu inavyotakiwa, mikunjo haikupasuka, gundi ya ubavuni imeshika, ulimi ukaingia wenyewe bila kulazimishwa. Nikaliinua dirishani nilitazame vizuri.

Bibi Gundi alikuwa mezani akinisubiri. Ni mama mtu mzima, tunakunja naye wawili, na jina hilo tulimpa kwa sababu vidole vyake havijawahi kubanduka gundi. Alilitazama lile boksi mkononi mwangu, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Hilo limefuliwa mara ngapi?" akauliza.

Boksi letu ni jekundu. Si jekundu la kubahatisha, ni lile linaloonekana toka mlangoni mwa duka, maandishi meupe juu yake. Hili lilikuwa kama fulana nyekundu iliyofuliwa na kuanikwa juani mpaka mwenyewe akaisahau kambani. Nilifungua katoni ya pili, ya tano, ya arobaini. Yote yalikuwa hivyohivyo. Kama katoni moja ingetofautiana na nyingine ningesema mashine yao ilipitiwa. Lakini yalikuwa rangi moja, safi, bila doa, kana kwamba mtu amekaa akaitafuta rangi ile kwa uangalifu mpaka akaipata.

Mtoto wa shangazi akaja mbio kutoka ndani, simu mkononi. Yeye tulimwita Meneja. Alipomaliza chuo alijichapishia kadi zilizoandikwa Meneja Mkuu, na watu waliokuwa chini yake tulikuwa wawili.

"Wametuchezea," alisema. "Hawa wametuchezea, dada. Kiwanda kipya, nilijua tu."

Kile kiwanda cha zamani, cha nchi hiyohiyo ya ng'ambo, kilikuwa kimefunga mwaka uliopita. Hiki tulikipata kwa kutafuta, na ilikuwa oda yetu ya kwanza kwao. Meneja alipiga picha boksi la zamani na jipya, akamtumia dada wa kule aliyekuwa akishughulikia oda yetu, na chini yake akaandika maneno ambayo sitayarudia hapa.

Shangazi alitoka akijikongoja, maana miguu humvimba asubuhi. Akashika boksi, akaligeuza pande zote, akalirudisha mezani taratibu kama kitu cha mtu mwingine.

"Yapakieni mia mbili," alisema. "Kesho mpeleke dukani. Labda wao hawataona."

Sote tulijua wataona.

*

Duka lenyewe ni lile kubwa la ghorofa mbili linalochukua zaidi ya nusu ya sabuni zetu. Nyuma kuna mlango wa mizigo, na mlangoni kuna mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye mpokea mizigo. Hagombani na mtu. Angekuwa anagomba ingekuwa nafuu.

Alifungua katoni yetu, akatoa sabuni moja. Akaingia ndani, akarudi na sabuni yetu nyingine kutoka kwenye rafu ya duka. Akaziweka bega kwa bega juu ya mizani yake.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Yetu, mzee," Meneja akajibu. "Ileile ya siku zote."

"Ya siku zote ni hii. Hii nyingine ni pacha wake mgonjwa."

"Ndani ni sabuni ileile. Nusa."

"Mteja hanusi, mwanangu, mteja anatazama. Akikuta hizi mbili zimekaa pamoja atasema moja ni feki, na atanifuata mimi. Nimwambie nini? Nimwambie inaumwa?" Akafunga katoni yetu, akaipapasa juu kama anayempa mtu pole. "Mna mzigo wa wiki mbili rafuni. Leteni nyekundu kabla haujaisha. Nafasi ile ina watu wanaipigia hodi kila siku."

Njiani Meneja alizungumza peke yake. Mimi nilikuwa nimepakata lile boksi la mgonjwa na kulitazama. Kilichonisumbua si kwamba rangi ile ilikuwa ngeni. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa naifahamu. Niliijua kama unavyoijua sura ya mtu wa mtaani kwako, ambaye ukikutana naye mji mwingine unashindwa kumweka mahali pake.

Tulipofika nilikwenda moja kwa moja dirishani.

Karibu na dirisha la karakana kuna kishubaka cha ubao. Miaka sita juu ya kishubaka kile lilisimama boksi moja, sampuli ya kwanza kabisa, ambayo Mzee aliitia sahihi yake usoni kwa kalamu nyeusi siku tulipoachana na kufunga sabuni kwa karatasi. Alikuwa na sheria moja kuhusu mambo hayo, na aliirudia mpaka tukaizoea kama dua. Sampuli ni ile yenye sahihi, alikuwa akisema, nyingine zote ni maboksi tu. Akaliweka pale ili kila anayekagua alinganishe. Alipofariki tukaliacha palepale. Nani angeligusa?

Sasa halikuwepo. Pale liliposimama palibaki pembe nne za ubao mweusi, na ubao mwingine wote ulikuwa umepauka kwa jua. Ubao ulikuwa umepauka, nami nilikuwa nimeupangusa kila Jumamosi kwa miaka sita, na sikujiuliza jua lililoupausha ubao lilikuwa linalifanya nini boksi.

Niliyelitoa pale nilikuwa mimi.

*

Ilikuwa miezi mitatu nyuma. Shangazi alikuwa amesafiri kwenda msibani. Kiwanda kikaandika kikiomba boksi halisi, waligeuze na kulipima, walifuate. Meneja akaniambia, "Chukua sampuli, funga vizuri, tuma." Stoo kulikuwa na maboksi mekundu tele, mapya, bado kwenye katoni zake. Ningeweza kuchukua lolote. Lakini aliniambia sampuli, na sampuli ni ile yenye sahihi. Nikalitoa kishubakani, nikalipangusa vumbi, nikalifunga kwenye karatasi laini kama yai. Na nilijisifu. Shangazi aliporudi nikamweleza, akasema, "Vizuri, lakini waambie walirudishe."

Simu ya kazi hukaa kwangu, kwenye mfuko wa aproni. Dada wa Ng'ambo, ndivyo tulivyomwita, huandika kwa lugha yake na simu inageuza. Nilikwenda nyuma ya matangi ya kuchanganyia, nikakaa juu ya ndoo, nikarudi nyuma kwenye ujumbe mmoja mmoja mpaka nikaufikia niliokuwa nautafuta.

"Rafiki, sampuli imefika. Tumeifungua. Uso na ulimi si rangi moja. Ulimi ni mwekundu zaidi. Tufuate upi?"

Bila shaka ulimi ulikuwa mwekundu zaidi. Ulikuwa umejificha ndani miaka yote sita, gizani. Yule dada alikuwa ameona kwa siku moja kitu ambacho sisi tulishindwa kukiona kwa sababu tulikitazama kila siku.

Niliukumbuka hata mchana wenyewe. Nilimsomea Meneja ule ujumbe naye alikuwa anapiga viatu rangi. Akauliza, "Sahihi iko wapi?" Nikamwambia usoni. "Basi wafuate penye sahihi. Hawa watu nao kwa maswali." Jibu langu lilikuwepo pale kwenye simu, maneno matatu: Fuateni penye sahihi.

Chini yake kulikuwa na picha waliyotutumia kabla ya kuchapisha. Kwenye kioo cha simu, chenye ufa na mwanga wake mkali, nyekundu ilionekana nyekundu, na Meneja alisema sawa. Halafu yule dada akatuuliza kama tungependa atutumie kipande kilichochapishwa kwa ndege, tukishike mkononi, siku saba tu. Meneja akasema, "Wiki nzima tunasubiri kipande cha karatasi?" Nikaandika hapana, asante.

Na mwisho kabisa kulikuwa na ujumbe mpya, wa asubuhi hiyo, ambao sikuwa nimeufungua.

"Rafiki, tumefuata sampuli yenu. Bosi amekasirika. Anauliza nani aliidhinisha. Oda hii iko kwa jina langu. Tafadhali nisaidie nipate jibu."

Nilikaa juu ya ile ndoo mpaka Bibi Gundi akaita kuuliza kama nimezama.

*

Alhamisi asubuhi Meneja alikuwa mezani mapema, amevaa shati la kuendea benki. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata pa kushika.

"Nimezungumza na rafiki yangu anayeagiza mifuko," alisema. "Ameniambia mteja siku zote anabaki na nakala yake ya sampuli, yenye sahihi. Mkigombana, unatoa ya kwako. Ikiwa ya kwako ni nyekundu na kazi yao imepauka, hawana pa kutokea. Watachapisha upya bure."

"Sisi hatukubaki nayo," nikasema. "Ilikuwa moja tu."

"Ndiyo maana tunaitengeneza. Kalete boksi moja jekundu stoo."

Nilimtazama.

"Usinitazame hivyo. Si uongo huo. Boksi letu ni jekundu au si jekundu?"

"Jekundu."

"Na sisi tulitaka jekundu au tulitaka hili la hospitali?"

"Tulitaka jekundu."

"Basi. Tunawakumbusha tu."

Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaanza kujaribu sahihi ya baba yake. Sahihi ya Mzee ilianza kwa duara dogo, ikapanda, ikashuka, ikaishia kwa mkia uliopinda kama mpini wa kikombe. Meneja alijaribu mara kumi na zaidi. Zote zilitoka kama kamba ya kiatu iliyofunguka.

"Wewe una mkono uliotulia," alisema mwishowe, akinisogezea kalamu. "Jaribu."

Sijui kwa nini niliichukua. Nadhani nilizoea kuchukua ninachopewa. Niliandika mara moja tu, na ikatoka. Duara, kupanda, kushuka, mpini wa kikombe. Niliitazama pale kwenye karatasi, mbichi, nikaweka kalamu chini upesi, kwa sababu miaka sita nilikuwa naipangusa sahihi ile bila kujua kwamba naisoma. Ilikuwa kana kwamba Mzee ameingia, ametia sahihi, ametoka.

"Unaona?" Meneja alisema kwa sauti ya chini. Hata yeye alishtuka kidogo. "Unaona? Haya, kalete boksi. Tutume kabla hawajafunga kazi kule. Saa zao ziko mbele."

Nilikwenda stoo. Katika yale machache ya zamani yaliyobaki nilichagua boksi jekundu zuri lisilo na kovu, nikasimama nalo kati ya zile katoni themanini. Nikifumba mdomo, tungechapishiwa upya, rafu isingekauka, na kile kiti kingekuwa changu. Na yule dada, mwenye oda kwa jina lake, angeonyeshwa sahihi na kuambiwa atoke. Sikuwahi kumwona. Nilichojua juu yake ni kwamba aliuliza swali zuri na akajibiwa vibaya, na aliyemjibu vibaya ni mimi. Nikisema, basi kiti nikisahau, na huenda hata meza ya kukunja ningeiaga. Shangazi alikuwa na maji ya shingo. Mtu mwenye maji ya shingo hamlei aliyeyafungulia.

Sikurudi kwa Meneja. Nilipita mlango wa nyuma.

*

Shangazi alikuwa kwenye chanja za kukaushia, anageuza sabuni moja moja upande wa pili. Kazi hiyo hamwachii mtu. Nikaanza kugeuza safu ya pili, tukaenda sambamba kwa muda.

"Sema," alisema bila kunitazama. "Unageuza mpaka zilizogeuzwa."

Nikamwambia. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia kwenye kishubaka. Nikamwambia kuhusu ubao uliopauka, na boksi nililolifunga kama yai, na swali la yule dada kuhusu ulimi, na jibu nililoliandika. Nikamwonyesha simu. Alisogeza simu mbali na macho, akasoma polepole akisogeza midomo.

"Kwa hiyo wametupa tulichowapa," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Rangi hii ni ya boksi la Mzee."

"Ndiyo."

Alishika ubao wa chanja kwa mikono miwili. Nilidhani miguu imemzidi, nikamsogezea kigoda, akakikataa kwa kichwa.

"Nilikuwa nalitazama kila asubuhi," alisema. "Nalisalimia, ukitaka kujua. Na sikuona. Nilidhani liko vilevile."

Meneja alitokea mlangoni, kalamu sikioni. "Dada, boksi liko wapi? Muda unakwenda." Kisha akaona simu mikononi mwa mama yake, na kalamu ikadondoka.

"Mwanangu yuko hapa anajimwagia unga," shangazi alisema, akimaanisha mimi, maana mtoto wa kaka yake ni mwanawe pia. "Nimuulize yeye au nikuulize wewe? Nani alimwambia ajibu hivi?"

Sikuwa nimemtaja. Nilikuwa nimesema niliandika, na kweli niliandika. Nilitazama sabuni. Nilidhani ataondoka.

"Mimi," Meneja alisema. "Nilikuwa napiga viatu rangi. Sikulitazama hata swali." Akaja akasimama kwenye safu ya tatu, akaanza kugeuza sabuni, akizivuruga. "Na kile kipande cha ndege nilikikataa mimi pia. Na picha ya simu niliipitisha mimi. Tuseme yote basi, tumalize."

"Mzee angesemaje?" shangazi aliuliza, ila hakuwa anatuuliza sisi. "Angesema sampuli ni ile yenye sahihi. Angekufa na sheria yake huyo. Na alikufa nayo." Akacheka kidogo, kicheko kilichochoka kabla hakijafika mwisho. "Hakuwahi kutuambia sahihi nayo inachuja."

Alimwambia Meneja alete ile kalenda. Sijui aliijuaje, labda aliona wino vidoleni mwetu. Aliitazama ile sahihi moja niliyoiandika mimi, akaitazama sana. Akaikunja kalenda mara nne, akaitia kifuani, chini ya khanga. Hakuichana.

Kisha akaniambia niandike. Nikaandika alivyosema, neno kwa neno: Kosa ni letu. Tulituma sampuli iliyopauka kwa jua, na mlipouliza tulijibu bila kutazama. Kazi yenu ni nzuri. Mwonyeshe bosi wako ujumbe huu. Samahani kwa maneno ya juzi. Rudisheni ile sampuli.

Jibu lilikuja baada ya kama saa moja.

"Asante. Bosi amesoma. Nimekunywa maji. Sampuli nitairudisha. Safari nyingine nitatuma kipande kwa ndege hata mkikataa."

*

Maboksi elfu arobaini hayatupiki. Kwa mchapaji wa mtaa wa nyuma tuliagiza mishipi ya karatasi nyekundu, nyekundu yenyewe, ya kuzungushwa kila boksi katikati ili lionekane toka mlangoni. Mpokea mizigo wa duka alivaa miwani yake ya uzi, akautazama mshipi, akasema mgonjwa amefungwa bendeji lakini anaweza kutembea. Akachukua. Alitupa ruhusa mpaka mzigo huu uishe, si zaidi.

Shangazi alichagua boksi jipya jekundu katika yale ya zamani, akaliweka mbele yangu na kalamu.

"Tia sahihi."

"Ya Mzee?"

"Ya kwako, mwehu wewe. Mzee amepumzika."

Sina sahihi. Niliandika jina langu kwa herufi za shule, moja baada ya nyingine, na chini yake tarehe, kwa sababu nilitaka atakayelitazama ajue lina umri gani. Nililitia kwenye kopo la biskuti, nikafunika, nikaliweka kabatini pasipofika jua. Kila mwaka litatolewa na kufungwa jingine. Hilo nililisema mimi, na Meneja akaliandika kwenye daftari bila kubisha.

"Sasa kuhusu kiti," shangazi alisema.

Nilikwisha kukisahau. Nilimwambia hivyo.

"Sijasema ukisahau. Nimesema haya elfu arobaini yana mkunjo mmoja na mshipi mmoja kila moja, na sina mtu mwingine. Ukiyamaliza, utakaa." Akaanza kuondoka, akageuka. "Na huyu Meneja Mkuu atavisha mishipi."

Kwa hiyo sasa tuko watatu mezani. Mimi nakunja, Bibi Gundi anatia sabuni na kuchomeka ulimi, Meneja anavisha mshipi, na wa kwanza kulalamika mgongo huwa ni yeye. Tumemaliza katoni sita. Upande wa pili wa meza kiti kimesimama kitupu, ila kuna mfuko wa Bibi Gundi aliouweka juu yake na haruhusu mtu auguse.

"Nakushikia nafasi," ananiambia, vidole vikiendelea. "Usiniangalie mimi, angalia kazi. Zimebaki sabini na nne."